Jina lako likiharibika CRB, kuna njia ya kulisafisha

Katika mitaa mingi ya mijini hakuna duka lisilokuwa na daftari. Mwenye duka huliweka chini ya kaunta, na ndani yake huandika nani amechukua unga, nani amechukua maziwa na mafuta ya kupikia, na kila mmoja ameahidi kulipa lini. Mwisho wa mwezi ukifika, wapo wanaokuja kulipa wenyewe, na wapo wanaoanza kupita kichochoro cha nyuma ili wasionekane. Mwenye duka hahitaji kuelezwa na mtu ni nani atakopeshwa tena na ni nani ataambiwa kwamba unga umekwisha.

Siku hizi kuna daftari lingine kubwa kuliko hilo la dukani. Benki hulisoma, kampuni zinazokopesha kwa simu hulisoma, na hata waajiri huulizia yaliyomo. Wengi wetu tunalijua kwa herufi tatu tu: CRB. Na jambo la kusikitisha ni kwamba familia nyingi hugundua jina lao limeharibika siku ile ile zinapolihitaji. Mtoto ameitwa shule ya upili na karo haijatosha, baba anakwenda benki na anarudi mikono mitupu. Msichana aliyehitimu chuo kikuu anaitwa kazini, anaambiwa alete cheti cha CRB, naye anashangaa kuona anadaiwa pesa alizokopa kwa simu akiwa mwaka wa pili na kuzisahau.

Je, mtu akifikia hapo amekwisha? La. Jina likiharibika hurekebishwa, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila kumlipa wakala wala kumpigia mkubwa yeyote simu. Lakini huchukua muda, na ina utaratibu wake. Anayeruka hatua moja hujikuta amelipa deni na jina bado ni lile lile.

Daftari lenyewe ni la nani?

Kanuni za kuanzisha kampuni za kuhifadhi taarifa za wakopaji nchini zilitungwa mwaka wa 2008 na zikaanza kutumika Februari 2009. Leseni ya kwanza ilitolewa mwaka wa 2010. Leo kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya (CBK) ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Mwanzoni benki zilikuwa zikipeleka majina ya walioshindwa kulipa peke yake. Ndiyo sababu watu wengi hadi leo husema fulani "amepelekwa CRB" kana kwamba amepelekwa rumande. Lakini tangu kanuni za mwaka wa 2013, taarifa nzuri pia hupelekwa. Maana yake ni kwamba ukikopa benki ukalipa kila mwezi bila kukosa, hilo nalo huandikwa. Kwa hivyo karibu kila aliyewahi kukopa katika benki au kwa simu yumo ndani ya daftari hilo. Swali si kama umo. Swali ni umeandikwaje.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba CRB haimnyimi mtu mkopo. Kazi yake ni kukusanya taarifa na kuzitoa kwa mkopeshaji. Anayeamua kukupa au kukunyima ni mkopeshaji mwenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kukataliwa na benki moja na kukubaliwa na nyingine kwa rekodi ile ile.

Kutokana na taarifa hizo, kampuni hizi humpa kila mkopaji alama, kama vile mwanafunzi anavyopewa alama za mtihani. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kati ya 200 na 900. Alama zikiwa juu, mkopeshaji huona wewe ni mtu wa kuaminika. Zikiwa chini, huogopa, na asipokukatalia huenda akakutoza riba ya juu zaidi.

Jinsi jina linavyoharibika

Benki huchukulia mkopo kuwa mbaya unapopita siku 90 bila kulipwa inavyotakiwa. Siku 90 ni miezi mitatu. Hapo ndipo mtu huwekwa katika orodha ya wasiolipa. Lakini alama huanza kushuka kabla ya hapo, kwa sababu hata kuchelewa kwa wiki chache huonekana katika rekodi.

Zamani waliokuwa hatarini ni wenye mikopo mikubwa ya benki. Mambo yalibadilika mikopo ya simu ilipoingia. M-Shwari ilianza Novemba 2012, KCB M-Pesa ikafuata 2015, nayo Fuliza ikaja Januari 2019. Katikati ya hizo zikazuka apu chungu nzima. Mtu aliye ndani ya matatu aliweza kukopa kabla ya kufika kituo anachoshukia, bila mdhamini na bila kuulizwa pesa ni za nini. Wengine walikopa hapa ili walipe pale, na mwishowe wakashindwa kote. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Ikafika wakati watu wakawa wanakosa mikopo ya nyumba kwa sababu ya deni la mia tano. Aprili 2020, CBK iliamuru kwamba deni lisilofika Sh1,000 lisitumiwe kumweka mtu katika orodha ya wasiolipa, na ikaziondolea apu zisizosimamiwa na Benki Kuu ruhusa ya kupeleka majina. Baadaye apu zikawekwa chini ya sheria na kuanza kupewa leseni, na zile zenye leseni zinaweza kupeleka taarifa. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba deni la apu halina madhara.

Kuna pia waliochanganyikiwa na amri za serikali. Wakati wa janga la Covid-19, kupeleka majina kulisitishwa kwa miezi kadhaa mwaka wa 2020. Halafu Oktoba 2021 aliyekuwa Rais, Uhuru Kenyatta, akatangaza kwamba wenye mikopo isiyofika Sh5 milioni wapewe nafasi, na nafasi hiyo ikadumu hadi mwisho wa Septemba 2022. Wengi walisikia "kusitishwa" wakadhani ni "kufutwa", nao wakaacha kulipa. Muda ulipokwisha, deni lilikuwa papo hapo likiwasubiri.

Ukubwa wa tatizo ulionekana Novemba 2022. CBK ilitangaza mpango wa kuwasaidia waliokuwa wameshindwa kulipa mikopo ya simu iliyotolewa na benki. Waliohusika walikuwa wakopaji takriban milioni 4.2, na madeni yao yalikuwa kama Sh30 bilioni. Benki zilikubali kusamehe angalau nusu ya deni, mradi mtu alipe iliyobaki kufikia 31 Mei 2023. Mpango huo ulikwisha siku hiyo.

Hatua ya kwanza: Jua umeandikwaje

Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Vivyo hivyo, usianze kulipa huku na kule kabla ya kuiona rekodi yako. Kanuni zinakupa haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila kampuni. Kampuni ni tatu, kwa hivyo ni ripoti tatu kwa mwaka. Unaweza pia kuipata bure ikiwa umenyimwa mkopo kwa sababu ya yaliyoandikwa humo, mradi uiombe katika muda wa siku 30.

Zipate zote tatu. Mkopeshaji mmoja huenda hutegemea kampuni hii, mwingine ile, na kosa lililorekebishwa kwa moja linaweza kuwa lingalipo kwa nyingine. Ziombe kupitia kwa kampuni zenyewe, katika ofisi, tovuti au apu zao. Usimpe wakala wa mtaani nambari yako ya kitambulisho akuombee.

Ukiipata, kaa chini uisome polepole ukiwa na kalamu. Angalia jina na nambari ya kitambulisho. Angalia kila mkopo: uliuchukua wewe? Kiasi ni sahihi? Kama ulilipa, imeandikwa umelipa? Tarehe ni za kweli?

Hatua ya pili: Pinga makosa

Makosa hutokea. Kuna waliomaliza kulipa lakini mkopeshaji hakuarifu CRB. Kuna waliopoteza kitambulisho au laini ya simu, mwenye kuviokota akakopa kwa jina lao. Na kuna waliompa rafiki au ndugu kitambulisho asajili laini, sasa wanadaiwa pesa wasizoziona.

Ukiona kosa, andika malalamiko kwa kampuni ya CRB yenye ripoti hiyo na kwa mkopeshaji aliyeipeleka. Eleza kosa ni lipi na uambatanishe ushahidi: risiti, ujumbe wa simu wa kuthibitisha malipo, taarifa ya benki, au waraka wa polisi ikiwa kitambulisho kiliibwa. CRB inatakiwa kuchunguza madai yako na kuyapata majibu ya mkopeshaji, na taarifa isiyoweza kuthibitishwa inafaa kuondolewa. Weka nakala ya kila barua na tarehe uliyoipeleka. Wasipokusikiliza, unaweza kulalamika kwa CBK.

Kumbuka pia kwamba mkopeshaji anatakiwa kukuarifu kabla ya kulipeleka jina lako katika orodha ya wasiolipa. Mahakama zetu zimewahi kuamua kesi za watu waliolalamika kwamba hawakuarifiwa. Lakini ikiwa umebadilisha nambari ya simu mara tatu na anwani uliyoandikisha benki ni ya nyumba uliyohama miaka minne iliyopita, itakuwa vigumu kudai hukuelezwa. Wapelekee nambari na anwani mpya.

Hatua ya tatu: Panga madeni yako

Sasa yamebaki madeni ambayo ni yako kweli. Hapa pana methali moja tu, nayo kila mtu anaijua: dawa ya deni ni kulipa. Lakini kulipa bila mpango ni kama kumwaga maji katika ndoo iliyotoboka.

Tuchukue mfano wa baba anayefanya kazi ya ufundi wa magari jijini na kupata Sh28,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni Sh8,000, chakula Sh9,000, nauli Sh3,000 na mahitaji ya shule Sh3,000. Anabaki na Sh5,000. Anadaiwa Sh1,800 na apu moja, Sh6,200 na apu nyingine, na Sh36,000 na benki. Jumla ni Sh44,000.

Akiangalia ile Sh44,000 yote kwa pamoja atakata tamaa. Lakini akienda benki na kuzungumza nao, wakakubali kusimamisha riba na kupokea Sh1,000 kwa miezi miwili ya kwanza, mambo yanawezekana. Mwezi wa kwanza analipa ile Sh1,800 na kuimaliza, anatoa Sh2,200 kwa apu ya pili, na Sh1,000 kwa benki. Mwezi wa pili analipa Sh4,000 zilizobaki kwa apu, na Sh1,000 nyingine kwa benki. Katika muda wa miezi miwili wadai wawili kati ya watatu wameondoka. Benki inabaki na Sh34,000. Akilipa Sh5,000 kila mwezi, atamaliza mwezi wa saba. Kwa jumla ni miezi tisa. Miezi tisa si michache, lakini mtu aliyekuwa hajui aanzie wapi sasa anajua mwisho wake.

Mambo mawili yanaweza kuuvunja mpango huu. La kwanza ni kukopa upya ili kulipa deni la zamani, hasa kwa mashailoki, ambao riba yao ya mwezi mmoja inaweza kuzidi ile ya benki ya mwaka mzima. La pili ni kujificha. Mtu anayezima simu akiona nambari ya benki hujinyima nafasi ya kusikilizwa. Mficha uchi hazai. Ukiona umefutwa kazi au biashara imelegea, nenda kwa mkopeshaji kabla ya zile siku 90 kwisha. Mwombe aongeze muda na apunguze kiasi cha kila mwezi. Akikubali, mwambie akuandikie. Maneno ya mdomo hayasomwi na kompyuta ya CRB.

Nenda ukiwa unajua haki zako pia. Sheria ya benki, kifungu cha 44A, inasema kwamba mkopo ukishakuwa mbaya, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi pesa za msingi zilizokuwa zimebaki siku ulipoharibika. Ikiwa zilibaki Sh36,000, riba haiwezi kupita Sh36,000 nyingine, ingawa benki inaweza kuongeza gharama za kulifuatilia deni. Na kwa wenye kuajiriwa, Sheria ya Ajira inakataza makato ya mshahara yazidi theluthi mbili. Mwajiri hana ruhusa ya kukuacha bila ile theluthi moja ya kujikimu.

Hatua ya nne: Lipa, kisha ufuatilie

Hapa ndipo wengi huteleza. Hulipa shilingi ya mwisho, hushukuru Mungu na kurudi nyumbani. Miezi sita baadaye wanaomba mkopo na kuambiwa bado wanadaiwa.

Ukimaliza kulipa, mwombe mkopeshaji barua inayosema deni limekwisha. Ihifadhi pamoja na hati zako nyingine muhimu, kama kitambulisho na vyeti vya shule. Kisha baada ya wiki chache angalia upya ripoti zako zote tatu. Ikiwa mojawapo bado inaonyesha deni, ipelekee nakala ya barua hiyo.

Ikiwa unahitaji cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba huna deni baya, kukiomba mara ya kwanza ni bure. Hiyo ilikuwa sehemu ya mabadiliko yaliyoletwa na CBK Aprili 2020. Baada ya hapo utalipia.

Sasa tuseme ukweli ambao si wa kupendeza. Ukilipa, huonekani tena kuwa mtu anayedaiwa, lakini habari kwamba uliwahi kushindwa haifutiki siku hiyo hiyo. Kanuni zinasema taarifa hiyo huhifadhiwa kwa miaka mitano tangu siku ulipomaliza kulipa. Kwa hivyo mkopeshaji atakayeangalia ataona ulichelewa, na ataona pia ulilipa. Miaka hiyo mitano huanza kuhesabiwa unapomaliza. Anayeahirisha hadi mwaka ujao huisogeza mbele siku yake ya uhuru.

Hatua ya tano: Jenga jina upya

Je, katika miaka hiyo mitano ukae tu ukisubiri? Hapana. Alama hupanda kadiri taarifa mpya nzuri zinavyoandikwa juu ya zile za zamani. Mtu asiyekopa kabisa hana kipya cha kuonyesha.

Anza na kidogo. Wekeza akiba katika chama cha ushirika kinachosimamiwa kisheria, kisha uombe mkopo ambao hata bila overtaimu au bonasi unaweza kuulipa. Au chukua mkopo mdogo wa benki unakopitishia mshahara au mapato ya biashara. Kuna pia Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022 kwa mikopo ya kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Hazina hiyo humwongezea kiasi cha kukopa anayelipa kwa wakati.

Mkopo unaotafutwa hapa si wa kununulia televisheni. Ni wa kuthibitisha kwamba unaaminika. Ulipe siku moja au mbili kabla ya tarehe, kwa sababu mtandao wa simu ukikwama siku ya mwisho, kompyuta haitakubali udhuru. Na usiombe mikopo kwa wakopeshaji watano katika wiki moja. Kila ombi linaweza kuonekana, na mtu anayebisha kila mlango huonekana kama amezama.

Wanafunzi, nanyi sikilizeni

Vijana wengi huharibu jina kabla hawajapata mshahara wa kwanza. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hutarajia anayenufaika aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa anaweza kutozwa faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi, na jina lake kupelekwa CRB. Kijana asiye na kazi huona afadhali anyamaze, akidhani HELB itamsahau. Haisahau. Andika barua, eleza kwamba hujapata kazi, uulize ni kiasi gani kidogo kabisa unachoweza kuanza nacho. Fuatilia pia matangazo yao, kwa sababu mara kwa mara HELB imewahi kuwasamehe faini waliojitokeza kulipa deni kwa mkupuo.

Pia, kijana, kitambulisho chako si kalamu ya kuazimana darasani. Usimkopee rafiki kwa laini yako hata akikuapia. Wala usikope kwa simu ili uchezee kamari ya mpira. Timu ikishindwa, deni linabaki lako.

Jihadhari na matapeli

Palipo na dhiki hapakosi anayetafuta faida. Mitaani na katika simu kuna wanaojitangaza kwamba wanaweza "kutoa jina CRB" kwa elfu mbili au elfu tano, wakidai wana mtu wao ndani. Wengine bado wanataja ule mpango wa kusamehewa nusu ya deni, ilhali ulifungwa Mei 2023. Hakuna mtu wa nje anayeweza kufuta deni la kweli. Kosa likiwepo, unalipinga mwenyewe bila malipo. Pesa atakazokula tapeli ni zile zile ambazo zingepunguza deni.

Halafu kuna wakusanyaji madeni wanaotukana na kutisha. Tangu kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka wa 2022, apu imekatazwa kumtisha mkopaji, kumtolea lugha chafu, au kuwapigia simu watu walio katika simu yake ili kumwaibisha. Ukifanyiwa hivyo, hifadhi ujumbe huo na ulalamike kwa CBK au kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Hata hivyo, kutukanwa hakufuti deni. Lalamika, na uendelee kulipa.

Deni ni la nyumba nzima

Mwisho, tuzungumze jambo ambalo halimo katika kanuni yoyote. Madeni mengi yanayovunja nyumba ni yale yaliyofichwa. Mume anakopa mke asijue, mke naye anadhamini mkopo wa shogake katika chama bila kumwambia mume. Siku moja barua inaletwa, na ugomvi unaanza juu ya pesa zilizokwisha kutumika zamani.

Kumdhamini mtu si kumpigia makofi. Ni kuahidi kwamba asipolipa utalipa wewe. Akikimbia, akiba yako inaweza kukatwa, na jina lako pia linaweza kuingia taabani. Kabla ya kutia sahihi kwa shemeji au mfanyakazi mwenzako, jiulize kama uko tayari kulibeba deni hilo lote. Kama huko tayari, mwambie mapema na kwa heshima. Atakasirika wiki moja, lakini mtabaki mkisalimiana.

Wanandoa wanaotaka kutoka katika shimo hili na wakae pamoja jioni moja, waweke ripoti zao mezani na waandike madeni yote kwenye karatasi moja. Hakutakosa aibu mwanzoni. Lakini wakishajua ni kiasi gani wanachodaiwa, nani analipwa kwanza na mwisho ni mwezi gani, hata watoto watajua kwa nini Krismasi hii hakuna nguo mpya. Nyumba iliyopanga hivyo ina nafasi nzuri ya kulisafisha jina, na siku barua ya kuitwa shule ya upili itakapofika, mzazi ataingia benki bila kuogopa kitakachoonekana kwenye kompyuta.